Faili za SPL kwa Java: anza na baiti za mwanzo

Mkuu wa Kigoma, umesema programu yenu ya ghala ni ya zamani, hati za mzigo wa dagaa na mawese inazitoa kwa printa tu, na unataka Java izidake njiani izigeuze PDF. Inawezekana, ila jina .SPL (faili ambamo Windows huweka kazi ya kuchapa kabla ya kuipeleka kwa printa) lisikudanganye. Hiyo ni bahasha. Barua iliyomo inategemea draiva (programu inayoendesha printa), ndiyo maana msimbo wa programu uliomkubali mwenzako kwako inatema takataka.

Kwenye sifa za printa, kichupo cha Advanced, weka tiki "Keep printed documents", la sivyo faili hufutwa kazi ikishachapwa. Ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS utakuta faili mawili mawili: 00012.SPL ina kurasa, 00012.SHD ina jina la hati na la aliyechapa. Folda hiyo inadai haki za administrator. Nakili faili pembeni kwanza, usilisome lingali linaandikwa.

Sasa soma baiti nne za mwanzo, zikuambie kurasa zimeandikwa kwa lugha au muundo gani (namba kama 1B ni za heksadesimali). %!PS ni PostScript. PK ni XPS, yaani zipu. 1B 45 ni PCL. Ukiona 1B ikifuatiwa na %-12345X hiyo ni PJL, yaani amri za printa zinazotangulia kurasa, shuka hadi mstari wa ENTER LANGUAGE ujue kinachofuata. PostScript ipe programu ya Ghostscript, PCL ipe ndugu yake gpcl6, zote kwa -sDEVICE=pdfwrite -dBATCH -dNOPAUSE kupitia ProcessBuilder, darasa la Java la kuendesha programu nyingine. Weka redirectErrorStream(true) na usome matokeo mpaka mwisho; bafa ikijaa programu inaganda kimya.

Kazi ipo kwenye 00 00 01 00, yaani EMF, muundo wa Windows wenyewe wa kuhifadhi amri za kuchora ukurasa. ByteBuffer ya Java, inayosoma baiti kuwa namba, huanza na baiti kubwa, kwa hiyo utasoma 256 badala ya 65536 na kudhani faili ni bovu. Andika order(ByteOrder.LITTLE_ENDIAN) kabla ya chochote. Baiti nne zinazofuata ni ukubwa wa kichwa. Ruka mpaka hapo. Kisha kila rekodi ina aina (baiti 4), ukubwa wa data (4, bila kuhesabu hizo 8), halafu data. Ukurasa mara nyingi ni aina ya 12. Hakikisha kwa kutafuta " EMF" kwenye baiti ya 40 ya data, kisha HemfPicture ya Apache POI (maktaba ya Java) itauchora.

Mtego mkubwa ni maandishi. EMF ya spuli mara nyingi hubeba namba za maumbo ya fonti, si herufi, kwa hiyo neno kama "Mwanga" linaweza kutoka kama alama za ajabu. Mimi nisingehangaika: ondoa tiki ya "Enable advanced printing features", kazi itoke RAW, yaani tayari kwa lugha ya printa, uishie kwenye PCL au PostScript. Ila printa za bei rahisi zenye lugha zao binafsi hazitakusaidia hapo.

Umeme ukikatika katikati, SPL hubaki nusu. Linganisha ukubwa wa rekodi na baiti zilizobaki kabla ya kutenga array (nafasi ya kumbukumbu ya kuweka data). Na diski C itajaa: toa amri net stop spooler, futa faili za zamani, kisha net start spooler.