Ukitaka kuchora mandala, anzia soko la Kibuye

Wengi wanaokuja darasani kwangu kuanza kuchora mandala, yaani nakshi za duara zinazojengwa kutoka katikati, huja na simu iliyojaa picha za kunakili. Ziweke kando kwanza. Beba mfuko, nenda Kibuye, hapa Kisumu, Jumapili soko linapofurika, ununue papai, bamia, kitunguu na nanasi. Karo ya somo la kwanza ndiyo hiyo.

Papai likate kwa upana, si kwa urefu kama tunavyokata mezani. Pale zinapokaa mbegu utaona nyota ya ncha tano. Bamia nyingi nazo zina vyumba vitano. Sasa chora: duara lina digrii 360, gawa kwa tano upate 72. Pima kwa kipimapembe, vuta mistari mitano kutoka kitovuni, halafu chora kipande kimoja tu kwa makini na ukinakili mara nne. Anayekisia vyote vitano kwa macho huishia na ua lililovimba upande mmoja. Kwa umbo la sehemu sita huhitaji hata kipimapembe: upana uleule wa bikari uliochorea duara huingia mara sita kamili ukizunguka ukingo wake. Kitunguu kitakupa pete tu, moja ndani ya nyingine, na hizo ni rahisi.

Alizeti ndiyo hutoa watu jasho. Mgeni hupanga mbegu kwa mistari iliyonyooka kutoka katikati, lakini ua halijengwi hivyo. Kila chipukizi jipya hutokea takriban digrii 137.5 kutoka kwa lililotangulia, kwa hiyo halikai nyuma ya mwenzake moja kwa moja, na nafasi haipotei. Jicho lako linachoona ni mikondo inayozunguka pande mbili, mara nyingi 34 huku na 55 kule. Nanasi lina mtindo huohuo, aghalabu 8 na 13. Tia alama ya wino kwenye jicho la kuanzia, la sivyo utahesabu mkondo mmoja mara mbili. Lolote kati ya hayo ukilichora na kukunja karatasi katikati, nusu mbili hazilingani. Ndiyo maana simpi mtu alizeti kabla papai halijamkaa mkononi.

Mandala zenyewe ni za ibada ya Wahindu na Wabudha. Watawa wa Tibet huziunda kwa mchanga wa rangi, punje kwa punje, kisha wakazifagia. Hapa Kisumu, wakati wa Diwali, unaweza kuona rangoli, pambo la unga wa rangi linalochorwa chini, mbele ya mlango wa jirani Mhindi. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Na kwa kuwa mandala ni za ibada, sahani utakayoichora kwa kuuza iite nakshi ya duara. Wateja hawatakimbia.

Kuhusu sahani, za mawe ya sabuni kutoka Tabaka, Kisii, hupakwa rangi kisha zikachorwa kwa ncha kali hadi weupe wa jiwe utokee. Ukijaribu, gawanya kwa penseli kwanza, maana mkwaruzo haufutiki.

Halafu kuna vikapu na vitanga vinavyoshonwa kwa kuzungusha msokoto mmoja kutoka katikati. Geuza kimoja uangalie kitako. Mzunguko haufungi kamwe. Unapanda juu ya uliotangulia, na ncha za nyota iliyoshonwa kama nakshi huegemea upande mmoja kidogo. Wanafunzi hupenda kuzinyoosha wanapochora. Usinyooshe. Weka kidole kwenye mwanzo wa msokoto, uufuate hadi ukingoni, uone umeishia wapi. Kisha chora mkondo wenyewe kwanza na nakshi baadaye.

Siku ya kwanza njoo na bikari ya chuma yenye skrubu ya kukaza. Zile za plastiki mguu hulegea duara likiwa nusu.