Kiatu changu bado kimo bondeni

Juzi dada mmoja wa Wete kaniandikia: "Kaka, mwanangu kachaguliwa mbio za nyika za skuli. Anataka spaiki, vile viatu vya mbio vyenye misumari, laki na ishirini. Ninunue?" Nikasema nimjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimekaa mpaka adhana ya alasiri. Suala hili kwangu ni kidonda.

Nilikuwa kidato cha tatu, na hapa Pemba sikumjua wa rika langu wa kunipita mlimani. Najisifu, ndiyo, lakini waulizeni. Mjomba akanichukulia raba za mitumba sokoni Darajani, Unguja: nyeupe pee, soli nene kama boflo. Nikazilaza uvunguni wiki nzima, sikuzifanyia hata zoezi moja nisije nikazichafua.

Siku ya mbio ilikuwa masika. Njia ilishuka kutoka kwenye mikarafuu mpaka bonde la mpunga, kisha ikapanda tena. Udongo mwekundu uliolowa mnaujua: hatua kumi tu umeshaganda kwenye soli, mguu unakuwa mzigo. Bondeni mguu wa kushoto ukazama mpaka kwenye muundi. Nilipouvuta ikatoka soksi tupu. Nikainama, nikatia mkono mpaka kiwiko, nikapapasa. Tope, mizizi ya mpunga, kiatu hamna. Wanne wakanipita nikiwa nimeinama vile vile. Nikamaliza na kiatu kimoja, wa saba. Waliotakiwa sita.

Kiongozi wa timu akaniuliza mbele ya wenzangu, "Mkimbiaji gani wewe unapoteza kiatu?" Mpaka leo tukikutana bandarini nampa mkono, mazungumzo hapana. Na kati ya waliopanda boti kwenda Unguja, wawili nilikuwa nawaacha kila Jumamosi. Basi, tuyaache.

Kosa halikuwa la tope. Mie navaa 42, mjomba alinunua 43, "utakua". Na soli ilikuwa laini kama sahani.

Kwa hiyo dada, kabla ya bei muulize mwanao njia inapita wapi. Kwa milima na mabonde yetu, tafuta soli yenye meno marefu yaliyoachana, tope lipate pa kudondokea. Meno yaliyobanana hujaa. Spaiki ni nzuri kwenye ardhi laini, na misumari yake hubadilishwa: mifupi pakavu, ya milimita 12 au 15 kwenye tope. Lakini akipelekwa kusini Unguja, kwenye jiwe la matumbawe, misumari itagonga na kuteleza. Huko ni raba ya soli ngumu, isiyo nene, kifundo kisipinduke.

Wazee watakwambia Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 pekupeku. Kweli. Lakini alikimbia barabarani, hakupita maweni Makunduchi.

Vijana nanyi, mnanunua rangi! Sote tunataka jezi ya taifa, lakini jezi haivaliwi na mtu anayechagua kiatu kwa ajili ya picha. Ukiwa kwenye mitumba kikunje, kibonyeze soli, tazama gundi pembeni. Kama imepasuka au soli imekakamaa, kiache, hata muuzaji akiapa kimetoka Ulaya jana. Kisigino kisichezecheze, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Na kikilowa usikianike juani, kijaze magazeti ukiweke kivulini.

Laki na ishirini, dada, kwa mguu unaokua? Mie nisingetoa. Mtafutie raba za mitumba zenye meno, azivae shambani wiki mbili kabla ya mbio, zichafuke. Msimamishe juu ya karatasi, uchore unyayo kwa kalamu, unitumie picha pamoja na urefu wake kwa sentimita. Mpime jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo. Jumamosi nashuka Unguja, nitapita Darajani.