Dawa Hizi, Si Madawa Haya

SWALI: Mwalimu, mimi ni muuguzi katika zahanati moja hapa Buruburu. Naandaa karatasi ya maelezo kwa wagonjwa wa presha kuhusu madawa ambayo wenzangu huyaita beta-bloka. Mmoja ananishauri niandike "vizuizi vya beta", mwingine "vizuia-beta". Lipi sahihi? Sentensi yangu ya kwanza ni hii: "Madawa haya yanapunguza kasi ya moyo na kushusha presha."

JIBU: Andika "vizuia-beta". Kiswahili kimezoea kuunda majina kwa njia hiyo: kipima joto, kipaza sauti, kifungua kinywa. Kizuizi ni yale mabati yenye misumari wanayoweka polisi barabarani, na "vizuizi vya beta" humfanya msomaji adhani Beta ndiye aliyeviweka. Mara ya kwanza fafanua kwamba ni dawa za kuzuia vipokezi vya beta, yaani sehemu za seli ambazo adrenalini hushika ili kuupa moyo mbio. Jina hilo la beta lilitokana na Mmarekani Raymond Ahlquist, aliyependekeza mwaka 1948 kwamba vipokezi vya namna hiyo viko vya aina mbili, alfa na beta. Swali lako limekwisha.

Langu ndilo linaanza. Bi. muuguzi, hayo "madawa" umeyatoa wapi?

Dawa ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, likaingia ngeli ya I-ZI na kutulia humo: dawa hii, dawa hizi. Ukilipachika ma- umelitupa kwenye LI-YA, na umoja wake sharti uwe "dawa hili". Haya, mwambie mgonjwa "meza dawa hili kabla ya kulala" uone atakavyokukodolea macho. Hakuna asemaye hivyo, hata hapa Nairobi ambako kila kitu ni "hii". Sisi tuna letu: "hizi madawa zinasaidia", jina limevaa kilemba cha ngeli moja na kanzu ya nyingine.

Pale ninaposhukia matatu kuna kemisti. Dirishani pameandikwa kwa rangi nyekundu: MADAWA YA AINA ZOTE YANAPATIKANA HAPA. Mwenye duka ni mtu wa heshima zake, cheti kiko ukutani na mizani ya watoto iko mlangoni. Lakini ma- ikipachikwa jina lisiloihitaji, aghalabu hukuza na kubeza. Ndipo nyumba za matajiri zikawa majumba. Ndiyo maana "madawa" yalipata ajira ya kudumu kwenye kulevya. Sasa lisome tena tangazo lile. Hayo "ya aina zote" ndiyo yanayommaliza kabisa. Askari kanzu mwenye Kiswahili kizuri akipita hapo, mzee wa watu atakuwa na maelezo ya kutoa. Na amelipigia mstari!

Ninavyoshuku, wa kulaumiwa ni daktari. Simaanishi tiba yake, bali jina lake: daktari, madaktari, dereva, madereva, rafiki, marafiki. Dawa hutajwa kutwa kucha pamoja na madaktari, na kiambishi kikaruka.

Najua utanijibu: bila ma-, mtu atajuaje kama ni moja au ni nyingi? Atajua kwa hii na hizi. Propranololi, aliyoivumbua Mskoti James Black na wenzake miaka ya 1960 wakitafuta namna ya kuupunguzia moyo haja ya oksijeni, ni dawa hii. Black alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1988, na dawa hii bado hutumiwa hata kukinga kipandauso na kutuliza mikono inayotetemeka. Atenololi, bisoprololi, metoprololi, pamoja na timololi ya matone kwa wenye presha ya macho, ni dawa hizi. (Wanakemia nao wana ngeli yao, ukiona -ololi mwishoni, umejua ukoo.) Zamani madaktari walikatazwa kumpa vizuia-beta mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 1999, moja la bisoprololi na jingine la metoprololi, yakaonyesha kwamba dawa hizi hupunguza vifo vya wagonjwa hao kwa karibu theluthi moja. Nimetaja dawa tano za uhakika na sijahitaji ma- hata mara moja.

Kwako wewe jambo hili si la darasani tu. Mgonjwa akisema "dawa yangu imeisha", unajua ni moja. Akisema "dawa zangu zimeisha", unajua hana kitu, na mwenye maradhi ya mishipa ya moyo akikatiza vizuia-beta ghafla anaweza kushikwa na maumivu ya kifua au hata mshtuko wa moyo.

"Madawa ya kulevya" nimeshachoka kuyapigania, magazeti yamekwisha kuyaoa. Presha nayo iache ilivyo. "Shinikizo la damu" ni zuri, ila anayesoma karatasi yako anaijua presha. Usiandike tu "ana presha", maana kila aliye hai anayo. Andika imepanda.

Sentensi yako basi iwe hivi: "Dawa hizi, yaani vizuia-beta, hupunguza kasi ya moyo na kushusha presha iliyopanda, usiziache ghafla bila kumwona daktari, na kama una pumu mwambie kabla hajakuandikia."