Barua kwa mwanangu: yule mzee wa kwenye kiti

Mwanangu Salim,

Marahaba, baba. Jumapili tulipoonana kwenye simu uliiona ile picha ukutani nyuma yangu: mzee mweusi, mrefu, amejinyoosha kwenye kiti cha kubembea, na pembeni yake muuguzi aliyevaa nguo nyeupe. Nikakutajia jina, Satchel Paige, mrushaji wa besiboli. Jana ukaniandikia: "Mama, nimesoma kwamba aliingia ligi kuu ya Marekani akiwa na miaka 42. Kwa nini alichelewa hivyo?" Swali hilo huwezi kulijibu kwa ujumbe wa simu, ndiyo maana nimekaa mezani nikaandika.

Hakuchelewa, Salim. Alicheleweshwa.

Unakumbuka dada zako walivyokuwa wakicheza rede uani kwetu Tanga? Mrushaji anamtazama aliye katikati, anamhadaa kwa bega, kwa jicho, na mpira bado uko mkononi. Kazi ya Paige ilikuwa hiyohiyo, ila mpira wa besiboli ni mgumu kama jiwe, na mpinzani wake amesimama mita 18 mbele yake ameshika rungu la kuupigia. Paige alikuwa na mrusho mmoja uliowatia wapigaji wazimu: ananyanyua mguu juu, anautua chini, halafu mkono unasimama kidogo tu, kama mtu aliyesahau neno. Mpigaji tayari ameshalizungusha rungu lake hewani, ndipo mpira unakuja. Wakubwa wa ligi waliupiga marufuku mrusho huo mwaka 1948, mwaka uleule aliokubaliwa kuingia.

Alizaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1906. Utotoni alibeba mizigo ya abiria stesheni ya treni, na jina la Satchel, yaani begi, likatokana na mizigo hiyo. Alipofika miaka 12 alikamatwa kwa wizi mdogo wa dukani na utoro, akapelekwa shule ya adabu ya watoto weusi huko Mount Meigs, akakaa zaidi ya miaka mitano. Mrusho wake aliufundishwa humo. Mimi niliyeshika chaki miaka mingi, hapo ndipo ninapomfikiria zaidi yule mwalimu kuliko hata mwanafunzi wake.

Mwaka 1926 akaanza kulipwa kwa kurusha, katika timu ya Chattanooga. Tangu miaka ya 1880 ligi kubwa zilikuwa zimewafungia weusi mlango. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote, wenye timu walielewana tu kimyakimya, basi. Kwa hiyo Paige alirusha katika ligi za weusi: Birmingham, Pittsburgh, Kansas City. Msimu ukiisha anazunguka vijiji na miji akicheza mechi za maonyesho, mara nyingine siku kadhaa mfululizo, na usiku analala anapopata kwa kuwa hoteli nyingi hazikumtaka. Mwaka 1937 alikwenda kucheza Jamhuri ya Dominika, mwaka uliofuata Mexico, na huko bega likamgoma kabisa. Mkono haukunyanyuka. Wengi walimzika akiwa hai. Mwenye timu ya Monarchs ya hapa Kansas City akamchukua hivyohivyo, akamweka timu ya pili, na baada ya muda mkono ukarudi.

Wazungu walimjua vizuri. Joe DiMaggio, mpigaji mkubwa wa wakati wake, alikabiliana naye katika mechi ya maonyesho na akakiri kwamba hajaona mrushaji bora kuliko huyo. Walijua, Salim, na bado walimwacha nje.

Mlango ulipofunguliwa mwaka 1947, aliyeitwa kwanza ni Jackie Robinson, kijana aliyewahi kuwa naye timu moja. Paige aliumia. Simlaumu. Mwaka uliofuata, siku aliyotimiza miaka 42, timu ya Cleveland ya ligi kuu ikamsajili. Alishinda mechi sita, akapoteza moja, na timu ikatwaa ubingwa. Usiku mmoja wa Agosti watu zaidi ya 78,000 walijaa uwanjani kumwona. Fikiria mkono ule ungekuwaje miaka 15 nyuma.

Mimi nilipofika huku na vyeti vyangu vya ualimu, ofisi moja ilinirudishia bahasha bila hata kuifungua vizuri. Nikafagia korido za watu miaka sita. Ulikuwa mdogo, hukuyajua haya, na sikutaka uyajue. Ndiyo maana nikisikia neno "amechelewa" moyo unanishtuka.

Sasa hiyo picha. Ni Septemba 1965, hapahapa Kansas City. Mwenye timu ya Athletics alimwita mzee wa miaka 59 arushe tena, akamwekea kiti cha kubembea na muuguzi wa kumkanda mkono. Watu walikuja kuburudika. Paige akainuka kitini, akarusha vipindi vitatu dhidi ya Boston, na aliyefanikiwa kuupiga mpira vizuri ni mmoja tu. Hawakupata hata pointi moja. Alipotoka, taa za uwanja zikazimwa, watazamaji wakawasha njiti za kiberiti wakamwimbia gizani.

Hata heshima zilimfikia kwa kusuasua. Mwaka 1971 walitaka kumwingiza katika jumba la magwiji huko Cooperstown kwa kumtengea sehemu ya pembeni, mpaka watu walipopiga kelele. Alifariki mwaka 1982. Ligi za weusi zilitambuliwa rasmi kuwa ligi kuu mwezi Desemba 2020.

Ukija nitakupeleka kwenye makumbusho yao, pale mtaa wa 18 na Vine. Ukiingia tu unauona uwanja mdogo wenye sanamu za shaba za wachezaji, lakini mbele yako pamewekwa waya wa kuku. Unazunguka jengo zima, unasoma, unatazama, na kila mara uwanja uko palepale upande wa pili wa waya. Unaruhusiwa kuingia mwisho kabisa. Katikati amesimama Paige na mpira wake. Nilipofika kwake nilimshika mkono wa kulia, ule wa kurushia. Ulikuwa wa baridi, na mimi kimo changu kinaishia begani kwake.

Mama yako