Maswali ya Wasomaji: Kaseti ya Game Boy ya Kujitengenezea

SWALI: Shikamoo fundi. Nimetengeneza bodi ya kaseti kwa ajili ya Game Boy ile ya kwanza, ya mwaka 1989, nikaweka chipu ya flashi aina ya SST39SF040 ambayo nilikwisha kuichoma gemu ya kilobaiti 32 niliyoiandika mwenyewe. Nikiwasha, badala ya nembo ya Nintendo linateremka pande jeusi tupu, kisha kifaa kinaganda. Pini ya kuichagua chipu nimeiunganisha na pini ya 5 ya kaseti, ile inayoandikwa CS kwenye michoro. Je, chipu imeungua?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Chipu yako haielekei kuwa imeungua, na pande hilo jeusi limekwisha kukuambia mengi. Nembo inayoteremka wakati wa kuwasha husomwa kutoka kwenye kaseti, baiti 48 kuanzia anwani 0104 (anwani zote hapa naziandika kwa hesabu ya kumi na sita), ndipo kifaa kinapoilinganisha na nakala ambayo chenyewe kinayo ndani. Pande likiwa jeusi lote, maana yake kila biti iliyosomwa ni 1, na hivyo ndivyo njia za data zinavyosomeka pasipokuwa na chipu inayojibu. Bahati mbaya ni kwamba flashi iliyofutwa nayo imejaa 1 tupu, kwa hiyo chipu isiyo na kitu na chipu isiyojibu hufanana kama mapacha. Irudishe kwenye kifaa cha kuchomea, uisome. Ukiikuta gemu yako imo, basi kosa liko kwenye bodi.

Nami nadhani liko kwenye hiyo pini ya 5, ambayo jina lake limewapoteza wengi. CS hushuka (yaani huwa 0) pale Game Boy inapotafuta kumbukumbu ya kuhifadhia mchezo, kuanzia anwani A000, wala si pale inaposoma programu. Programu hukaa kati ya 0000 na 7FFF, eneo ambalo A15, njia ya anwani ya juu kabisa, huwa 0 muda wote, kwa hiyo pini ya kuichagua flashi iunganishe na A15, yaani pini ya 21, na ile ya kuruhusu kusoma iunganishe na RD, pini ya 4. Kisha zitazame A15 hadi A18 za chipu yenyewe, ambazo gemu ya kilobaiti 32 haizihitaji: zisiachwe zikining'inia, bali zifungwe kwenye ardhi. Niliwahi kupoteza jioni mbili nikifuta meno ya kaseti kwa spiriti, leo gemu inakuja kesho haiji, kumbe ni pini moja tu iliyokuwa haijashikwa na solda.

Nembo ikitokea sawasawa na kifaa kikaganda hata hivyo, tazama baiti ya 014D, ambayo ni hesabu ya kuhakiki kichwa cha programu. Programu ya rgbfix iliyomo katika RGBDS, mkusanyiko wa zana za kuandikia programu za Game Boy, hukujazia nembo na hesabu hiyo. Ile sauti ya kengele usiitegemee kuwa ushahidi, kwa kuwa hulia kabla ya ukaguzi kufanyika.

SWALI: Ndugu mhariri, kaseti yangu ya kilobaiti 32 inafanya kazi vizuri, na sasa nataka kufikia kilobaiti 256 bila kununua chipu maalumu za kubadilisha mafungu ya kumbukumbu. Ningependa pia kuichoma flashi bila kuing'oa kwenye bodi. Inawezekana?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Inawezekana, kwa chipu tatu za kawaida. Nusu ya chini ya programu, 0000 hadi 3FFF, lazima ibaki palepale daima, na nusu ya juu, 4000 hadi 7FFF, ndiyo dirisha la kuonyesha fungu lolote la kilobaiti 16. Kwa kilobaiti 256 unahitaji mafungu 16, yaani biti nne. Chipu ya 74HCT138, inayotambua eneo la anwani, ipewe A13, A14 na A15, nayo iruhusiwe na WR, ishara ya kuandika. Pini yake ya kutolea ishara, Y1, itashuka tu programu inapoandika kati ya 2000 na 3FFF, na itakapopanda itaifanya 74HCT273, chipu ya kushikilia biti, ishike namba ya fungu. Biti hizo nne zipitishe kwenye milango ya AND ya 74HCT08, kila moja ikiunganishwa na A14 ya kifaa, ndipo ziingie A14 hadi A17 za flashi. A14 ikiwa 0, milango yote hutoa 0, na fungu la kwanza hujitokeza lenyewe. Huwa napenda sana sehemu hii ya mchoro.

Pini ya kufuta ya 74HCT273 iunganishe na RESET, ila ukumbuke kwamba wakati wa kuwasha dirisha la juu litaonyesha fungu 0, na si fungu 1 kama katika MBC1, chipu ya Nintendo ya kubadilisha mafungu. Programu yako ianze kwa kuandika 1 kwenye 2000.

Kuhusu kuchoma, watengenezaji wengi hupeleka pini ya kuandikia ya flashi kwenye pini ya 31 ya kaseti, ambayo ni mlango wa sauti usiotumika kwa kawaida, wakaifunga kwa resista ya kiloomu 10 kwenye volti 5. Kifaa chako cha kuchomea, hata kikiwa Arduino Mega tu, kitaitumia pini hiyo, na Game Boy haitaweza kuiharibu programu kwa bahati mbaya.

Kuna mtego mmoja. Ili SST39SF040 ikubali baiti, hupewa AA kwenye 5555, 55 kwenye 2AAA, A0 kwenye 5555, ndipo baiti yenyewe. Anwani 5555 inataka A14 iwe 1, lakini kwenye bodi hii A14 ya chipu inatoka kwenye namba ya fungu. Ukiwa katika fungu la namba shufwa, amri itafika kama 1555 na chipu itaipuuza kimya kimya. Kwa hiyo chagua fungu 1, toa amri tatu, chagua fungu unalolitaka, ndipo uandike. Kubadilisha fungu katikati hakuharibu amri, kwa sababu WR haiigusi flashi.

SWALI: Je, kutengeneza kaseti ya namna hii ni kosa kisheria?
Msomaji, Zanzibar

JIBU: Kinachotazamwa zaidi ni unachoweka ndani na unachouza. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua dhidi ya wauzaji wa kaseti za kunakilia gemu za Nintendo DS. Wewe weka gemu uliyoiandika mwenyewe, au ile ambayo mwandishi wake ameitoa bure.