Nipoteze siku ya soko kwa mafunzo yasiyo na dawa?

SWALI: Jambo Mama. Mimi nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, katika soko la Kadutu. Mtoto wangu wa tatu ana miaka 4. Hakai, hasemi, na miguu yake inakakamaa na kupishana kama mkasi. Kine, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alituambia ni mtindio wa ubongo. Sasa wazazi tumeitwa kwenye mafunzo, kila Alhamisi kwa wiki 9. Niliuliza kama watatoa dawa, wakasema hapana. Mama mkwe anasema hayo ni maneno matupu, afadhali tumpeleke mtoto kwenye chumba cha maombi, ambako wamemwambia kwamba mtoto huyu ana kitu cha uchawi na inafaa afunge kula siku 3. Bwana yangu ananyamaza tu. Na Alhamisi ndiyo siku ninayouza vizuri. Niende?
Mama wa sambaza, Kadutu, Bukavu

JIBU: Jambo, Mama wa sambaza. Nenda. Na usiende peke yako, mchukue mama mkwe.

Mwanangu ana hali hiyo hiyo, sasa amefika miaka 11. Mpaka alipotimiza miaka 3 nilimlisha vile nilivyoona wakubwa wakilisha: nimemlaza mapajani, kichwa kimeangukia nyuma, namimina uji wa masoso kwa kijiko kikubwa ili ushuke wenyewe. Alikohoa, machozi yakamtoka, nami napangusa mdomo naendelea, maana nilijua mtoto asiyekula hafiki mbali. Kifua hakikumwacha. Mara mbili tulilazwa. Wakaandika sindano, tukalipa, tukarudi nyumbani, nikashika kijiko kile kile. Hakuna hata mmoja pale aliyeniuliza namna ninavyomlisha.

Kwenye mafunzo, mama aliyetuongoza, naye mzazi kama sisi, alitugawia vikombe vya maji. Akasema: tazameni juu kwenye mabati, sasa kunyweni. Tulikuwa akina mama kumi na baba mmoja. Mimi nilipaliwa mpaka maji yakanitokea puani. Mwenzangu alianza kulia, nadhani alikuwa amemkumbuka wake. Kichwa kikilala nyuma, njia ya pumzi inabaki wazi na chakula kinaangukia humo, kinaenda mapafuni. Kile kifua tulichokuwa tunakichoma sindano nilikuwa nakitengeneza mwenyewe kwa kijiko.

Siku hizi anakula akiwa wima, kidevu kimeinama kidogo. Mimi nakaa mbele yake, macho yangu yakiwa sawa na yake, kwa sababu nikisimama atainua kichwa kunitazama na tutarudi kule kule. Uji uwe mzito, ushike kijiko. Kijiko kiwe kidogo. Ngoja ameze, mtazame koo, ndipo ulete kingine. Bakuli moja linaweza kumaliza nusu saa, na mkono utakuuma, sikudanganyi.

Sasa piga hesabu. Kine anamshika mtoto mara moja kwa wiki, tena akiwahi foleni. Nyumbani mnamlisha mara 21 kwa wiki. Ukiwa sokoni, kijiko kiko mkononi mwa nani? Ndiyo sababu nimesema mchukue mama mkwe. Wangu alikataa kuja. Basi jioni ile nilimpa kikombe jikoni, nikamwambia, mama, tazama mabati unywe. Tangu siku hiyo ndiye anayewagombeza majirani wakimlaza mtoto.

Hizo wiki 9 zinafanana na mpango wa OMS, Shirika la Afya Duniani, kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa kukua au wenye ulemavu: vikao 9 vya kikundi, na ziara 3 nyumbani. Kama na kwenu kuna ziara, usizikatae kwa kuona haya ya nyumba. Anayekufundisha lazima aone mahali unapomkalisha mtoto, na zile ngazi zenu za udongo siku ya mvua. Muulize pia namna ya kumbeba. Mimi nilifundishwa kupanua miguu yake kwanza, inikumbatie kiuno, ndipo nifunge kikwembe. Ukiibana pamoja, ule mkasi unakaza zaidi.

Waliokuambia hakuna dawa wamesema kweli: mtindio wenyewe hauna dawa ya kuuponya, na anayekuuzia mafuta ya kuunyoosha anakula franka zako. Ila kama mtoto anaanguka kifafa, dawa za kifafa ni habari nyingine. Hizo haziachwi, si kwa maombi, si kwa mafunzo.

Kufunga, hapana. Asikose hata mlo mmoja. Mimi mwenyewe ni wa kwaya, sidharau maombi. Wakitaka kufunga, wafunge wao. Na hilo neno la uchawi, mwambie aliyelisema kwamba sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumsingizia mtoto uchawi. Kifungu cha 160 kinampa kifungo cha mwaka 1 hadi 3 anayemtesa mtoto moyoni kwa shutuma hiyo. Sema kwa upole, lakini taja namba.

Kuhusu soko: ombeni saa ibadilishwe. Sisi wauzaji tulikuwa wengi, tukaomba tuanze saa nane mchana, wakakubali bila maneno. Wakikataa, muulize jirani wa meza akuuzie Alhamisi, nawe umuuzie siku yake.

Bwana yako anayenyamaza, usimpe hotuba, wangu hotuba zilimkimbiza. Mpe misumari amtengenezee mtoto kiti. Mbao mbili zilizoungana kwa pembe kama kona ya ukuta, ubao wa kukalia, na kimeza mbele cha kuegemeza mikono. Wangu alikitengeneza kwa mbao za masanduku ya sabuni, siku mbili, hakusema neno. Kilipokwisha akamkalisha mtoto, akainama akamtazama, akaniomba kijiko.