Kughafilika na kuzubaa ni mambo mawili

Ndugu yangu, umeuliza kama "nilighafilika" ni sawa na "nilizubaa", na lipi linafaa kwenye barua ya kumwomba radhi bosi kwa kusahau kikao. Andika "nilighafilika", usiwe na wasiwasi.

Neno hili limetoka kwenye Kiarabu, mzizi gh-f-l, wenye maana ya kutokuwa macho na jambo. Ndiyo maana unalisikia sana kwenye mawaidha: Qur'ani, sura ya Al-Aaraf aya ya 205, inamkataza mtu asiwe miongoni mwa walioghafilika. Mzizi huohuo ndio uliotupa "ghafla", kwa kuwa kinachokuja ghafla hukukuta mawazo yako yako kwingine. Uhusiano huo naupenda mno.

Aliyeghafilika amepitiwa: nia alikuwa nayo, jambo likamponyoka. Aliyezubaa ameduwaa tu, mdomo wazi, basi linampita kituoni. Bosi akisoma "nilizubaa" atakuona mzembe.

Nomino ya "kughafilika" ni mghafala. "Kwa mghafala wangu sikuhudhuria kikao cha Jumatatu" ni sentensi ya heshima kabisa. Ila usiiache peke yake. Mweleze pia utakavyofidia ulichokikosa.